Nani Amekuambia?

Mwaka 2012 tulikuwa vijana tisa tuliopanga nyumba moja Sinza, vyumba vitano na uwanja mdogo wa kufulia, kila mmoja akisoma chuo chake. Intaneti tuliinunua kwa kuchangishana. Modemu moja, laini moja, kifurushi kimoja cha mwezi, na ugomvi usiokwisha wa nani kamaliza bando. Mkongo wa baharini ulikuwa umefika Dar es Salaam tangu 2009 na tuliambiwa bei itashuka. Ilishuka kweli, ila si kwa kasi ya njaa yetu.

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kompyuta, kwa hiyo mimi ndiye niliyeombwa dawa. Nilichukua kompyuta kuukuu ya mezani ambayo tulikuwa tunaitumia kuegeshea feni, nikaifuta, nikaweka Linux na programu iitwayo Squid, nikaiunganisha na modemu. Kisha nikapita chumba kwa chumba nikiandika kwenye kivinjari cha kila mmoja anwani ya mashine ile na namba ya mlango wake, 3128. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda mtandaoni mwenyewe. Kila mmoja alikuwa akiituma ile kompyuta.

Kwa asiyejua, proksi ni mshenga. Kijana hendi ukweni kuposa kwa mdomo wake. Anamtuma mtu mzima anayeaminika, na kule wanauona uso wa mshenga, wanaisikia sauti ya mshenga, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Proksi huzifanyia hivyo kurasa za intaneti. Unaiomba ukurasa, inakwenda kuuomba kwa jina lake, inaupokea, inakuletea. Squid ilikuwa na ziada moja ambayo washenga hawana, nayo ni kuweka akiba. Picha za ukurasa wa gazeti aliousoma mwenzetu saa mbili asubuhi zilibaki kwenye diski, na wa pili akiuomba ukurasa ule saa tatu alipewa kutoka ndani, bila senti ya bando kutumika. Mwezi uliotangulia kifurushi kilikata tarehe 17. Mwezi ule kilifika tarehe 26. Nilinunuliwa chipsi kuku, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu mkubwa pale nyumbani.

Lakini kila mshenga anajua alichotumwa. Squid huweka daftari, mstari mmoja kwa kila ombi: saa, namba ya kompyuta iliyoomba, ukubwa wa kilicholetwa, na anwani ya ukurasa. Siku za mwanzo nilikuwa nalifungua kuona ni maombi mangapi yamejibiwa kutoka kwenye akiba, kwa sababu hiyo ni raha ya fundi, kama mwashi anayerudi kuutazama ukuta wake. Kisha, kama mtu anayepita dirishani kwa jirani, nikaanza kuona mengine.

Hapa kuna jambo ambalo kwa miaka sikumwambia mtu. Squid, ikiachwa jinsi ilivyotoka kwa walioitengeneza, hukata kila kinachofuata alama ya kuuliza katika anwani ya ukurasa kabla ya kuiandika daftarini. Na kinachofuata alama ya kuuliza, mara nyingi, ni yale maneno ambayo mtu ameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Maelezo ya programu yanasema sababu waziwazi: kulinda faragha ya watumiaji, na kupunguza ukubwa wa daftari. Yaani watu ambao hawakunijua, na hawakuijua nyumba ya Sinza, walikuwa wamekwisha kuniwazia. Walijua kutakuwa na kijana mmoja mahali fulani mwenye funguo na udadisi, wakaweka pazia. Pazia lile linaondolewa kwa kubadili neno moja. Nililibadili. Nilijiambia kwamba natafuta hitilafu. Hakukuwa na hitilafu.

Wasomaji ambao ni wadogo kwangu wajue kwamba mwaka ule sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa bado inasafiri wazi kama kadi ya posta. Barua pepe nyingi na benki zilikuwa zimeshafungwa kwa msimbo, na kwa hizo proksi iliona jina la tovuti tu. Ila utafutaji wa mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti yake ulipita uchi.

Nitamwita Sele. Alilala chumba cha pili kutoka changu, alikuwa mwaka wa pili, na kila asubuhi saa moja na nusu alitoka na begi lake mgongoni. Jioni alirudi akilalamika juu ya foleni na juu ya mhadhiri mmoja aliyekuwa anachelewa. Tulimcheka kwa jinsi alivyomwiga mhadhiri yule. Usiku, tukishalala, kompyuta ya Sele ilikuwa ikituma proksi yangu kutafuta jinsi ya kuandika barua ya kukata rufaa baada ya kufutwa masomo. Siku ya pili ilitafuta kama mwanafunzi aliyefutwa anadaiwa mkopo wake mara moja. Siku ya nne, kazi za ulinzi Dar es Salaam. Siku ya sita, karibu na saa nane usiku, aliandika kwa Kiswahili kitupu, kana kwamba anaongea na mtu: nitamwambiaje mama nimedisko.

Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Sele alikuwa amedisko mwishoni mwa muhula uliopita. Boom halikuwa linaingia. Ile asubuhi ya begi, ile foleni, yule mhadhiri, vyote alikuwa anavitunga kwa ajili yetu, na pengine kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa wiki tatu nilijua na yeye hakujua kwamba ninajua. Mwanzoni nilipata hisia ambayo sipendi kuikumbuka, kitu kinachofanana na kujiona mkubwa. Nilikuwa nimeketi sebuleni anapomwiga mhadhiri, nacheka pamoja na wengine, na ndani yangu kuna mtu mwingine ambaye hacheki, anamtazama. Kisha huruma ikaja, na huruma ilikuwa hatari zaidi, kwa sababu nayo niliiona kuwa ni wema. Nikaanza kumwachia kipande kikubwa cha samaki. Nikalipa sehemu yake ya umeme nikasema nimekosea hesabu. Kila nilipofanya hivyo alinitazama kidogo kuliko ilivyohitajika.

Halafu mjomba wangu mwenye stesheneri Mwenge akasema anatafuta kijana wa kuchapa na kutoa fotokopi. Nikaenda kwa Sele nimejaa furaha. Nikamwambia, "Kaka, kuna kazi kwa mjomba, Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili hadi saa kumi na mbili. Nimekuwaza wewe."

Alikuwa anafua. Aliacha shati ndani ya beseni.

"Saa mbili hadi saa kumi na mbili," alisema. "Nani amekuambia nina nafasi kutwa nzima?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kudanganya, na nilifungua mdomo nidanganye, lakini Sele hakuwa mjinga. Aligeuza shingo akatazama dirisha la chumba changu, ambako taa ya kijani ya ile kompyuta ilikuwa inawaka na kuzima. Akaelewa. Nilimwona akirudi nyuma usiku kwa usiku, akihesabu alichoandika.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nilitaka mama awe wa kwanza kujua."

Baada ya siku mbili alihama na godoro lake, kodi yake ikiwa imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Wenzetu waliuliza kuna nini. Nikasema sijui, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa faida yake, umechelewa.

Tangu siku ile nimekuwa najaribu kulieleza kosa langu kwa usahihi, na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Sikumwibia Sele kitu. Sikumtangaza. Taarifa niliyoipata niliitumia kumtafutia kazi. Ukiweka mizani ya faida na hasara, upande wa faida una kazi ya stesheneri na upande wa hasara una aibu ya dakika tano. Nimewahi kulisimulia kisa hiki kwa rafiki yangu daktari, naye akanijibu kwa methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Ningenyamaza, alisema, Sele angeendelea kubeba begi mpaka lini?

Methali ile naiheshimu. Ila inamsemesha mgonjwa. Inamwambia yeye afunue. Haimwambii jirani aingie usiku kunyanyua shuka.

Nilichomnyang'anya Sele, nadhani, ni zamu. Mtu mwenye jambo zito huwa amelipangia safari. Anajua ataanzia kwa nani, kwa maneno gani, siku gani, akiwa amevaa nini. Safari hiyo ndiyo iliyobaki mikononi mwake baada ya mengine yote kumponyoka. Alama zimekataa, chuo kimemkataa, fedha zimekatika, lakini bado anaweza kuchagua kwamba wa kwanza atakuwa mama. Mimi nilijiweka mbele ya mama yake bila hata kubisha hodi. Na nikaja na zawadi mkononi, ili asiweze hata kukasirika vizuri.

Mama yangu mwenyewe aliwahi kuwa proksi, ingawa nikimwambia hivyo atanicheka. Alikulia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na miaka ya sabini mwanzoni alikuwa binti wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri. Wanawake ambao waume zao walikwenda kutafuta maisha Mombasa au Dar es Salaam walimwita awasomee barua na kuwaandikia majibu. Bibi alimpa sharti moja: barua ikishakunjwa, wewe hujui. Siku moja mama alisoma barua ya mwanamume aliyekuwa anamwarifu mkewe kwamba ameoa mwingine huko huko na asimtarajie Idi. Aliisoma mpaka mwisho, na salamu zote za mwishoni, kwa sauti ile ile. Kesho yake alikutana na mwanamke yule kisimani akiwa na wenzake wanacheka, akamwamkia kama kawaida, akajaza ndoo yake akaondoka.

Nilimuuliza mama, baada ya mambo ya Sele, kama hakuona ni ukatili. Pengine yule mama alihitaji mtu wa kumfariji.

"Alikuwa anajua kwetu ni wapi," mama alinijibu.

Nimelizungusha jibu lile kichwani mara nyingi. Kuna tofauti kubwa kati ya mama na mimi, na haiko kwenye kunyamaza peke yake. Yule mwanamke alimchagua mama. Alijua kwamba mtoto huyu sasa anajua, na angeweza kumkwepa au kumwendea. Sele hakujua kama kuna mtu anayesoma. Ukimya wangu wa wiki tatu haukuwa ukimya wa mama. Ulikuwa wa mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

Daktari hakukubali kushindwa. "Na kama ungekuta anatafuta sumu ya panya?" Swali la haki. Ningevunja mlango wake usiku ule ule, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Lakini sikulifungua daftari kwa sababu ya sumu ya panya. Nililifungua kila usiku kwa sababu lilikuwepo na kwa sababu niliweza. Nyumba ya jirani ikiwaka moto utavunja mlango uingie. Hilo halikupi ruhusa ya kutembea na ufunguo wake mfukoni siku zote ukisubiri moto.

Watu wanaoniuliza kuhusu proksi na VPN huniuliza jambo moja tu: je, inaruhusiwa? Nalo lina majibu yake, na yanabadilika. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa ikiwataka wanaotumia VPN hapa nchini wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Katiba, ibara ya 16, inatambua haki ya mtu ya kuhifadhiwa mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Ugomvi wote huo ni kati ya raia na wakubwa, na ni ugomvi wa kweli. Ila kabla ya serikali na kabla ya kampuni za simu, kuna yule anayekuwekea ile njia, mara nyingi rafiki, mpwa, mtaalamu wa mtaani, na hakuna anayemuuliza unaona nini?

Mwaka 1993 Johan Helsingius, Mfini, alianzisha seva iliyopokea barua pepe za watu, ikavua majina yao na kuzipeleka mbele zikiwa na majina ya bandia. Iliitwa anon.penet.fi. Ili majibu yaweze kurudi, ilibidi seva ihifadhi orodha ya nani ni nani. Alikuwa mwaminifu, nionavyo, alikuwa mshenga bora kuliko wengi. Mwaka 1995 polisi wa kwao walimfikia kufuatia malalamiko ya Kanisa la Scientology, na akalazimika kutoa anwani ya mtumiaji mmoja. Agosti 1996, akiwa na watumiaji laki kadhaa, alitangaza kuifunga. Kosa halikuwa tabia yake. Orodha ilikuwepo, na kitu kilichopo kinaweza kudaiwa.

Waliofuata walijifunza kutengeneza mshenga asiyeona. Iran ilipoizuia Signal Januari 2021, walioiandika walijibu kwa kutoa proksi ndogo ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuisimika, na mwenye seva huona vifurushi vilivyofungwa vikiingia na kutoka tu, bila kujua ndani kuna nini. Hilo linanivutia kuliko ahadi yoyote. Ahadi inategemea usiku niliolala vizuri.

Kwa hiyo nilipojenga proksi yangu ya pili nilijiona nimekwisha kujifunza.

Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya Uchaguzi Mkuu, Twitter na WhatsApp zilianza kugoma kwenye simu nyingi nchini. Nilikodi seva ndogo Ujerumani kwa dola 5 kwa mwezi, nikaweka Shadowsocks, ambayo ni proksi inayofunga kila kitu kwa msimbo kati ya simu na seva. Nikawagawia ndugu na marafiki kumi na mmoja. Safari hii nilizima daftari kabisa. Mlango mmoja kwa wote, nywila moja kwa wote, ili hata nikitaka kujua nani ni nani nisiweze. Niliwaandikia sentensi moja: siandiki chochote. Niliiandika kwa majivuno, najua, na wakati naiandika nilikuwa namwandikia Sele.

Uchaguzi ulipita, mitandao ikarudi, wengi wakaisahau proksi. Aliyeing'ang'ania ni dada yangu, binti wa mama mkubwa, anayefanya kazi za ndani Dubai. Kule simu za WhatsApp zimezuiwa. Maandishi yanapita, sauti haipiti. Mwanaye wa miaka minne anaishi na mama mkubwa Tanga. Kwa ile seva ya dola 5 dada alianza kuongea naye kila usiku, saa tatu na nusu za kwetu, saa nne na nusu za kwao, baada ya kuosha vyombo vya watu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mshenga ana dhambi nyingine, ya kutokuwa yeye atakayepigwa. Kule Falme za Kiarabu, sheria iliyorekebishwa 2016 ilimtoza anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa faini isiyopungua dirhamu 500,000, na iliweza kufika milioni 2. Hilo nililisoma baada ya kumpa nywila. Nikampigia nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, kwa hiyo unataka niache?" Nikasema sitaki chochote, nataka ujue. Akasema sasa anajua, na akaendelea. Sina hakika mpaka leo kama kumweleza kulinitakasa au kulihamisha tu zigo kutoka kwangu kwenda kwake.

Machi 2021 nikapokea barua pepe kutoka kwa kampuni iliyonikodisha seva. Kwa usiku tatu mfululizo, anwani yangu ilikuwa imetumika kujaribu nywila maelfu ya mara kwenye akaunti ya barua pepe ya mtu mmoja. Walinipa saa na dakika. Walinipa saa 24 za kujibu.

Ningekuwa na daftari ningemjua kwa dakika tano. Sikuwa nalo, na kutokuwa nalo ndilo lililokuwa fahari yangu. Mahali fulani kuna mtu nisiyemjua ambaye usiku tatu mlango wake ulikuwa unatikiswa, na aliyeutikisa alikuwa amejifunika shuka langu. Kila nilichokiamini tangu Sinza kilikuwa kinamsitiri yeye. Sijawahi kupata hoja ya kuliondoa hilo. Wanaosema faragha haina gharama hawajawahi kupokea barua ile.

Wazo la kwanza lililonijia, na lilikuja haraka mno, lilikuwa kuwasha daftari kimya kimya. Usiku mmoja tu. Atarudi, nitamwona, nitamkata, na kumi wengine hawatajua. Nilikuwa nimeshafungua faili la mipangilio. Nilichokiona kwenye kioo ni lile neno moja la 2012.

Nililifunga nikawaandikia wote. Nikawaeleza kilichotokea. Nikasema kuanzia saa sita usiku nywila ya zamani imekufa. Atakayetaka kuendelea aniombe, nitampa mlango wake mwenye namba yake na nywila yake, na nitakuwa naona ni mlango gani umetumika, saa ngapi, kwa muda gani. Ya ndani sitayaona. Kisha nikaifunga proksi nikaijibu kampuni kwamba nimechukua hatua.

Waliorudi walikuwa wanne. Kati ya saba ambao hawakurudi, huenda mmoja alikuwa ndiye. Huenda hakuwa kati yao kabisa; nywila moja hupita mikono mingi, na nasikia ilikuwa imeshafika kwenye kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa mpira. Sita au saba walikuwa watu wasio na hatia ambao hawakutaka kuonekana, na siwalaumu. Kutotaka kuonekana si ungamo.

Dada alinipigia kwa laini ya kawaida, ya gharama, kwa hiyo alikuwa anaongea kwa haraka.

"Utakuwa unaona nikimpigia mwanangu?"

"Nitaona saa, dada. Na muda. Maneno sioni."

"Muda," alirudia. Nilisikia maji yanachuruzika nyuma yake. "Basi ngoja kwanza."

Nilimtengenezea mlango wake hata hivyo, nikamtumia namba na nywila, nikakaa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna. Nilikuwa natazama daftari lenye mistari michache ya watu wengine, na nilielewa kwamba hata kutazama kwamba hayupo ni kumtazama. Mama mkubwa alinipigia kutoka Tanga akisema mtoto anauliza simu. Sikumwambia dada. Alikuwa anajua kwetu ni wapi.

Usiku wa tano, saa tatu na dakika arobaini, mlango wake ulifunguka. Ulikaa wazi dakika kumi na mbili, ukafungwa.

Sikuandika chochote. Niliweka simu kifudifudi mezani. Baada ya dakika chache ikatetemeka.

"Umeniona?"

"Nimekuona, dada."

Akaandika kitu akafuta, akaandika tena akafuta. Kisha ujumbe mrefu ukaingia. Mtoto ameota jino la mwisho nyuma, alisema, analia usiku, mama anampaka asali na yeye amekataza asali. Na siku zile nne alikuwa hajampigia kwa sababu mwajiri amechelewesha mshahara wa miezi miwili na alijua mtoto akimuuliza atakuja lini angelia mbele yake, na hilo hata mama bado hajamwambia.